Filimbi Katika Ngitili

Tulipomzika Mwalimu Milembe pale Bariadi, mpwa wake alisoma wasifu wa marehemu kwa kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akahamishwa, akahamishwa tena, akastaafu, akaugua. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, bega kwa bega na Minza, ambaye siku hizi ni bibi wa watu na magoti yanamsumbua, nikawa nasubiri mwaka mmoja tu usomwe. Haukusomwa. Kijana aliuruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Minza alinifinya, akaninong'oneza, "Holo, mwaka wetu wameula." Nikamwambia anyamaze, msibani hapagombwi, lakini mwenyewe nilikuwa nimefura. Mimi ni mtu wa hasira tangu ujana na umri haukunipunguzia kitu. Mwanamke aliyetengwa na kijiji kizima kwa sababu ya kuwatembeza watoto porini, akagoma kuahidi kwamba hatarudia, leo anaagwa kwa kutajiwa vituo vya kazi kama gari la posta! Pale sikupewa nafasi ya kusema, basi nasema hapa, na anayetaka kukasirika akasirike.

Mwaka ule nilikuwa darasa la saba, na nilikuwa naishi kwake. Namna nilivyofika kwake ni mambo ya watu wengine, tuyaache. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Zagayu, na wakati huo tulikuwa bado tunahesabiwa mkoa wa Shinyanga. Nyumba ya mwalimu ilikuwa na vyumba viwili: kimoja cha kulala, ambako vitanda vyetu vilitenganishwa na kanga iliyotungikwa kwenye kamba, na kingine ambacho kilikuwa jiko, stoo, ofisi na, kwa maneno yake, makumbusho. Kwenye dirisha la chumba hicho kulikuwa na viota vitupu vya ndege mnana, gamba la kobe, ngozi aliyojivua nyoka, na mbegu za kila mti zikiwa ndani ya makopo ya maziwa. Wanawake waliokuja kuomba chumvi walisimama mlangoni, hawakuthubutu kuingia. Asubuhi tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa vikachemshwa upya, pamoja na karanga. Jioni ilikuwa ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, au dagaa wakipatikana kutoka Lamadi, kule ziwani. Darubini yake ilitoka huko huko Lamadi pia. Aliikuta kwenye rundo la mitumba mnadani, kati ya viatu visivyo na wenzake, jicho moja likiwa na ufa. Aliifuta kwa kipande cha kanga kila jioni, hata siku ambazo hakuitumia.

Mwalimu Milembe alikuwa mzaliwa wa Bariadi mjini, na nadhani ndiyo maana alilipenda pori kuliko sisi tuliolala ndani yake. Sisi tulijua pori kama mahali pa kuchunga, kukata kuni na kupotelewa na ndama. Yeye alikuwa anasimama ghafla njiani, anainua mkono, na sisi nyuma yake tunagongana kama ng'ombe kwenye mlango wa zizi, kumbe amemwona mdudu anayeviringisha mavi. Alituambia kwamba mtu anayeogopa asichokijua atakikata, na akishakikata hatajua alichokuwa anakiogopa. Kila Jumamosi alituchukua watoto kama kumi na kitu, wenye ruhusa na wasio na ruhusa, tukaingia kwenye ngitili ya Maduhu. Wasiotoka kwetu niwaeleze: ngitili ni pori la majani ambalo mwenyewe hulifunga wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, ili kiangazi kikibana kuwe na malisho. Ngitili iliyofungwa haiingiwi ovyo. Maduhu alikuwa kamanda wa sungusungu, jeshi letu la jadi la kuwinda wezi wa mifugo, tena alikuwa baba yake Minza. Mwalimu alimwomba ruhusa, naye akaitoa wakiwa wawili tu, mimi nikiwa nyuma ya mlango nakoroga uji. Alisema ingieni, lakini sitaki kulisikia jambo hili kwenye mikutano.

Humo ndani kulikuwa na mgunga mkubwa wenye tundu, na ndani ya tundu hondohondo jike, yule ndege wa mdomo mkubwa, alikuwa amejifungia. Sikuwa nimewahi kusikia kitu kama hicho. Jike anaingia tunduni kutaga, halafu anaziba mlango kwa udongo na kinyesi chake, anabakiza ufa wa kutoa mdomo. Humo ananyonyoka manyoya ya mabawa. Hawezi kuruka hata ukimfungulia. Dume ndiye anayemlisha kutwa nzima, panzi, mjusi, tunda, anafika anagonga, mdomo unatoka, anaondoka tena. Tulikaa kwenye gogo mkabala na mti ule, tukipokezana darubini, na sikumbuki mtoto aliyewahi kuomba kurudi nyumbani. Mtoto mmoja mtundu aliyeitwa Kulwa, ambaye darasani hakukaa hata kidogo, alikaa pale asubuhi nzima kinywa wazi. Minza ndiye aliyependa kuliko wote. Alisema kama angekuwa yeye, angeogopa mume asirudi, akacheka, halafu akaacha kucheka.

Lakini mwaka ule haukuwa mwaka wa kukaa kwenye gogo. Ndio kwanza wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameruhusiwa kuingia, na magari yao yalikuja mapema, pamba haijapasuka hata shambani, yakipiga muziki na kuahidi bei. Watu walianza kuitazama ardhi kwa macho mengine. Ngasa, katibu wa sungusungu, alikuwa amechukuliwa kuwa wakala wa kampuni mojawapo, akapewa kofia na baiskeli mpya, na akaanza kusema waziwazi kwamba ngitili ya Maduhu ingezaa pamba kuliko mashamba yote ya kijiji. Ukuta wa duka lake ulipakana na ua wa nyumba yetu, na nikiwa naosha vyombo nilisikia mengi. Nilisikia eti mwalimu anatumwa na watu wa hifadhi. Eti darubini si ya ndege, ni ya kupimia mpaka. Kwetu neno hifadhi si la mchezo; Serengeti haiko mbali, na kila mzee ana habari ya mtu aliyelala kwake akaamka kwa serikali. Nilimpelekea Mwalimu maneno hayo moto moto. Aliendelea kuchambua mchele, akasema watu wanaotilia shaka kitu dawa yao ni kupelekwa wakakione. Nilimwona mjinga siku ile, na sikumwambia.

Sasa nifike kwenye filimbi. Alikuwa na filimbi ya michezo ya shule, kaifunga shingoni kwa uzi wa kiatu. Tulikuwa tumepatana kwamba akiipuliza, kila mtu asimame pale pale alipo kama mti, asiinue hata mguu. Hakuwahi kuipuliza. Mtu wa kijijini asingeibeba kabisa, maana kwetu filimbi si chombo cha michezo. Filimbi ya porini ni mwano, mbiu ya hatari, na ikilia kila mwanaume mwenye nguvu anachukua upinde anakimbilia inakotoka. Haiulizwi. Ukisimama kuuliza, ng'ombe wameshavuka mto. Yeye aliyajua hayo kwa kuyasikia, kama mtu wa mjini anavyojua mambo, akadhani ngitili iko mbali na kifilimbi chake ni kidogo.

Jumamosi hiyo Minza alikuwa ametangulia, majani yanamfika kiunoni, anaelekea mgungani. Mwalimu aliona kabla yetu. Moma, nyoka mnene mvivu yule asiyemkimbia mtu, alikuwa amejikunja kwenye kinjia, na mguu wa Minza ulikuwa hewani juu yake. Filimbi ikalia. Minza aliganda mguu ukiwa juu, mikono imetanuka, nasi sote tukaganda. Nilisikia jasho linanitambaa mgongoni nikashindwa kulifuta. Nyoka alijikunjua taratibu, kana kwamba anatukomoa, akaingia majanini. Mwalimu akasema kwa sauti ndogo, bado, bado, ngojeni. Tulikuwa bado tumesimama vile, watoto kumi na kitu tumejificha nusu kwenye majani bila kutikisika, wanaume walipofika. Hatukuwaona kwanza. Tuliwasikia, miguu na pumzi, halafu mshale ukapita. Ulilia karibu na sikio langu, ukachoma ardhi hatua mbili kutoka kwa Minza, ukabaki unatetemeka. Ndipo Mwalimu akapiga kelele kwamba ni watoto, ni watoto, na akakimbia mbele yetu akiwa amefungua mikono yote miwili.

Aliyerusha mshale ni Maduhu. Aliona kitu cheusi kimesimama kwenye majani ya ngitili yake, hakikimbii, hakijibu, na akili yake ikamwambia mwizi amejificha. Alipomtambua mwanawe alikaa chini pale pale. Kamanda mzima, mtu ambaye wezi wa ng'ombe mpaka Mwandoya walilijua jina lake, alikaa chini kwenye majani. Halafu aliinuka, akaung'oa mshale, na hasira niliyoiona usoni mwake sijawahi kuiona tena kwa mtu yeyote. Nilikuwa mdogo, nikadhani anamchukia Mwalimu. Leo nina watoto wangu, najua alikuwa anaogopa nini.

Mkutano ulifanyika kesho yake. Sheria ilikuwa inajulikana: anayepiga mwano bila mwizi amewachezea watu, na lazima atoe ng'ombe wa kuliwa na wote waliokimbia. Mwalimu hakuwa na hata kuku. Ngasa akasimama na kofia yake, akasema ng'ombe tunaweza kumsamehe, sisi si wakatili. Aseme tu hapa mbele ya watu kwamba hatawapeleka tena watoto porini, yaishe. Watu wakaitika. Hata mimi niliitika moyoni. Mwalimu alisimama, gauni lake la kazi, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Filimbi ni kosa langu, na kwa hilo naomba radhi," alisema. "Hilo la pili siwezi kulisema. Nikilisema, watoto hawa watajua kwamba porini kuna mwizi na nyoka tu."

Nilimtazama Maduhu, nikingoja aseme kwamba ruhusa aliitoa yeye. Alikuwa anatazama mikono yake. Basi wakamtenga. Asisalimiwe, asipewe moto, asiuziwe chumvi, achote maji watu wote wakishaondoka kisimani, na asemaye naye naye ametengwa. Mpaka atoe ng'ombe au aseme sentensi ile. Kuhusu mimi palitokea ubishi kidogo, wakaamua kwamba kwa kuwa nalala kwake na kula kwake, nimo.

Mtu ambaye hajatengwa anafikiri ni jambo dogo. Unapita asubuhi unasema mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, kwa mama aliyekubeba mgongoni, naye anainama kufunga kamba ya mbuzi ambayo haijafunguka. Unaanza kujishika mwili kuona kama upo. Darasani Mwalimu aliendelea kufundisha, kwa sababu shule ni ya serikali na sungusungu hawakuthubutu kuifunga, lakini watoto waliagizwa wasimjibu. Aliuliza swali, darasa zima likatazama madawati. Akangoja. Akauliza tena. Mimi nikanyoosha kidole, peke yangu, siku baada ya siku, hata hesabu ambazo sikuzijua, nikawa najibu uongo ili tu kuwe na sauti. Nyumbani tulikula uji bila chumvi. Kiberiti kilipokwisha tulilinda makaa chini ya majivu kama watu wanaolea mgonjwa. Nilimwona anakonda. Siku moja, sahani zikiwa bado mbele yetu, nilishindwa kuvumilia, nikamwambia aseme sentensi yao, ni maneno tu, maneno hayachubui. Aliniuliza kama nataka kurudi nilikotoka, kwamba ataelewa. Nilitaka. Nilitaka sana. Nikamwambia sitaki, kwa ukali, nikatoka nje kulia nyuma ya choo.

Jumamosi iliyofuata alichukua darubini yake akaenda ngitili, na mimi nikamfuata nikiwa na hakika tutapigwa. Hatukupigwa. Maduhu hakuwa amefuta ruhusa yake, kwa kuwa kuifuta kungekuwa kukiri kwamba aliitoa. Tulikaa kwenye gogo. Baada ya muda nikaona kitu kinasogea upande wa pili wa uwazi, kwenye kivuli cha mti mwingine. Ni Minza. Alikaa kule, kimya, uso umeelekea mgungani. Sheria ilisema asiseme na Mwalimu. Haikusema asikae porini. Mwalimu hakumtazama. Aligeuka kwangu, akaanza kunieleza kuhusu hondohondo kwa sauti kubwa kama mtu anayeongea na kiziwi. "Holo, unaona ule ufa?" Naona, Mwalimu. "Vifaranga wameshaanguliwa, sikiliza." Nasikia, Mwalimu. Jumamosi nyingine walikuja watano, kisha darasa karibu zima, kisha mama mmoja aliyesema anamtafuta mwanawe, akamkuta, na hakuondoka. Wakafika wanaume waliodai wanapita. Wote walikaa upande ule, sisi upande huu, na katikati uwazi mtupu. Mtu akitaka kujua kitu alimwuliza jirani yake kwa sauti, na Mwalimu alinijibu mimi. Nilichoka kuitika. Lakini nilijua pia kwamba mambo haya yanaweza kuharibika wakati wowote, kwani Ngasa alikuwa anazunguka akisema Mwalimu anacheza na sheria, na kwamba safari hii dawa ni kumfukuza kijijini kabisa.

Siku moja Ngasa alimleta Maduhu mwenyewe ajionee. Walifika pamoja, Maduhu na upinde, Ngasa na kofia, wakasimama upande wa watu. Siku hiyo ilikuwa mbaya tayari kabla hawajafika. Dume alikuwa hajaonekana tangu asubuhi. Ule mdomo ulitoka kwenye ufa, ukangoja, ukarudi ndani, ukatoka tena. Vifaranga walilia mpaka sauti zikaanza kukauka. Mama mmoja alikuwa ameshika kichwa. Nilimsikia Minza anavuta pumzi upande wa pili, na Mwalimu mwenyewe alikuwa ameacha kunieleza, ameshika darubini bila kuitumia. Ngasa akafungua kinywa aanze hotuba yake. Maduhu alimtangulia, macho yake yakiwa kwenye ufa ule, na sidhani kama alijua anasema.

"Mwalimu, dume asiporudi, huyu mama atatokaje?"

Mwalimu alimjibu polepole kwamba jike ataubomoa ukuta mwenyewe, lakini mabawa yake hayana manyoya, ataanguka chini ya mti, na watoto watabaki juu. Maduhu akatikisa kichwa.

"Kamanda," Ngasa akasema. "Umesema naye."

"Nimesikia."

"Sheria ni yetu wenyewe."

Maduhu alitazama watu wake mmoja mmoja. Halafu alivua upinde begani, akauegemeza kwenye mti, akaanza kuvuka ule uwazi. Alitembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Aliponifikia akasema, "Sogea, binti," nikasogea, akaketi kwenye gogo. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika upande wa pili, kwamba ruhusa ya kuingia ngitili aliitoa yeye, kwamba mshale ulikuwa wake, na kwamba filimbi ile ndiyo iliyousimamisha mguu wa mwanawe. Akanyoosha mkono kuomba darubini, na Mwalimu akamwonyesha jicho lisilo na ufa.

Minza alikuja mbio. "Mwadila, Mwalimu," alisema, salamu ya mchana ya kila siku, na Mwalimu akamshika kichwa. Akafuata yule mama. Wakafuata watoto, kisha wale wanaume waliokuwa wanapita tu, kila mmoja na salamu yake, gogo likajaa, wengine wakaketi chini. Dume alirudi katikati ya zogo hilo, mjusi mdomoni, na nusu ya watu hawakumwona kwa sababu walikuwa wanasalimiana. Ngasa alibaki kule ng'ambo peke yake na kofia yake. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akauliza bila kumtazama mtu kwamba sasa yeye atasalimiana na nani. Hakuna aliyemcheka. Mwalimu Milembe alisogea kidogo kwenye gogo, akapiga kwa kiganja ile nafasi iliyobaki kando yake, akangoja.